Mwaka Niliompa Mama Ziwa

Nianze na ujinga wenyewe, ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke na kitu. Nilishika kipanya cha kompyuta nikalivuta shamba la mama yangu kwenye ramani mpaka likameza shamba la jirani, likameza kanisa, likameza uwanja wa mpira, likavuka barabara ya Nyanza-Lac bila kutazama magari, likaingia Ziwa Tanganyika na kuanza kuogelea. Kisha nikabonyeza kitufe cha kijani. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Baada ya hapo sikucheka tena kwa siku nyingi, na mtu yeyote anayenijua shuleni atakwambia kwamba mimi kukaa bila kucheka ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Nayaandika haya kwa sababu juzi tumemaliza msiba wa Mutama Léonidas, yaani Mzee Léonidas, jirani yetu, yule ambaye shamba lake nililimeza. Kwetu kumaliza msiba ni shughuli kubwa: watu wanavaa vizuri, wanakuja na vinywaji, familia inasimama kusema maneno, halafu maisha yanaruhusiwa kuendelea. Mimi nilipewa kazi ya kugawa soda, kazi nzuri kwa mtu mwenye kiu. Mwanawe Arsène, rafiki yangu ambaye tumekaa benchi moja tangu tulipokuwa hatujui kufunga viatu, alinivuta mpaka kwenye masufuria. "Sha, nitengenezee ukurasa wa baba, wenye picha zake," akasema. "Lakini nakuomba usimpe mbingu yote. Wenyeji wa kule watahama." Tulicheka mpaka shangazi yake akatutolea macho. Miaka miwili imepita. Sasa niko klase za juu, nina ndevu ambazo mama anaziita uchafu, lakini woga wa mwaka ule bado unajua ninapokaa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilikuwa nimeamua kwamba dunia imeumbwa ili niicheke. Masomo yakiisha nilishuka kwa Tantine Bijoux, mama wa Kikongo kutoka Uvira, aliyekuwa na chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi nyuma ya soko la Rumonge. Chumba kilikuwa chembamba kama kaburi la mtu mrefu. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo alikaa muuza ndagala wakavu, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka mle ilinuka samaki, hata barua ya kuomba kazi benki, hata kadi ya harusi. Tantine alikuwa amejipatia kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, na ndani yake programu ya kutengeneza tovuti bila kuandika alama zile za wataalamu. Upande wa kushoto vilipangwa visanduku: picha, maandishi, kitufe, ramani. Unakamata kimoja, unakivuta, unakiachia unapotaka, na ukurasa unajengeka mbele ya macho yako kama unapanga vyombo mezani. Tantine aliiita Vuta-Weka. Mimi niliipenda siku ile ile. Yeye nayo walikuwa wanagombana.

"Weee! Nimeweka picha ya pasta hapa. Sasa iko wapi?"

"Iko nyuma ya kwaya, Tantine."

"Mutoe! Pasta hawezi kukaa nyuma ya kwaya, atakataa kunilipa. Na hii maandishi, mbona inanikimbia? Nikiisogeza kidogo inaenda kulala kule chini!"

"Umeisukuma kwa nguvu. Ishike polepole."

"Polepole nimeshika watoto sita. Hii kitu haina adabu."

Alikuwa na sheria moja tu, na ninaitaja kwa sababu ndiyo iliyoniua. Umeme wa Rumonge huondoka bila kuaga, na betri ya ile kompyuta ilikuwa nzee, siku nyingine inashika, siku nyingine inakufa palepale. Mara kadhaa tulipoteza kazi ya mchana mzima. Basi Tantine akagundua kwamba ukibonyeza kitufe cha kijani, kile cha kuchapisha, kazi inabaki salama hata giza likiingia. Kwa wenye umeme wa kudumu, kitufe kile maana yake ni kuuonyesha ulimwengu ukurasa uliokamilika. Kwetu maana yake ilikuwa kuweka akiba. Tulikuwa tunachapisha nusu ya sentensi, tunachapisha pasta asiye na kichwa, ilimradi visipotee. "Bonyeza kijani, mutoto, bonyeza kijani," alikuwa akiimba taa zikianza kupepesa, na vidole vyangu vilizoea kwenda pale vyenyewe.

Ukurasa wa mama niliutengeneza mimi, na ninaweza kusema bila aibu kwamba ulikuwa mzuri. Mama anauza mafuta ya mawese. Niliweka picha ya madumu yake yamesimama mstari kama wanafunzi mbele ya bendera, namba yake ya simu, na ramani yenye kiraka cha rangi ya chungwa kuonyesha michikichi yetu ilipo, ili wateja wa Bujumbura wasipotee. Yeye mwenyewe alituma anwani ya ukurasa kwenye kundi la simu la kilima chetu, akaandika chini yake, "Kazi ya mwanangu." Kile kiraka kilikuwa kidogo, na kiliishia kwenye miyenzi. Miyenzi ni ule mti wa maziwa tunaotumia kama ua. Sisi tulirudi kutoka ukimbizini Tanzania, na tuliporudi tulimkuta Mutama Léonidas na familia yake wanaishi na kulima pale ambapo babu yangu alikuwa akilima. Yeye hakumfukuza mtu; aliwekwa pale. Habari za nyuma ya hapo sizijui vizuri na sitajifanya nazijua, maana nyumbani hazisimuliwi. Ninachojua ni kwamba walikaa vikao vingi, shamba likagawanywa nusu kwa nusu, na mama na Mutama wakapanda miyenzi pamoja, kila mmoja amepiga magoti upande wake. Tangu hapo kwenye ua ule zilipita chumvi, makaa ya moto, sahani za mihogo, na mimi na Arsène tukifukuzana.

Siku ya ujinga nilitaka tu kumchekesha Arsène. Nilikuwa nimempangia: kesho atakuja kwa Tantine, nitamfungulia kompyuta, ataanguka. Upande wa kulia wa ukurasa nilimvisha mama taji la dhahabu. Chini yake niliweka kiboko aliyevaa kofia ya kijeshi, nikaandika, "Waziri wa Ulinzi." Juu ya taji, kwa herufi nene: "UFALME WA MAMA DODO. Wageni waje na maandazi." Dodo ni mimi. Halafu nikakamata pembe ya kile kiraka cha chungwa, na nikagundua kwamba ardhi ndani ya kompyuta haina uzito kabisa. Unaivuta tu. Inakuja. Sijawahi kukutana na kitu rahisi namna ile. Nilipofika ziwani taa zikapepesa, na vidole vikakimbilia kijani. Kisha giza. Betri nayo ikafa. Tantine, ambaye alikuwa amepigiwa simu asubuhi kwamba mama yake mzazi anaumwa, akafunga kompyuta kabatini akasema, "Toka nje, ninafunga. Ninaenda Uvira. Nikirudi nitakuita."

Jioni ile tulikuwa tunakula bugali na isombe ya majani ya mihogo, mama ameketi kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu ya mwanga. Simu yake ikalia ule mlio wa ujumbe. Ikalia tena. Ikalia mfululizo mpaka ikajisogeza juu ya meza. Akaifungua kwa kidole kisicho na isombe. Niliutazama uso wake ukibadilika, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kucheka naye, nikingoja afike kwenye kiboko.

"Dodo," akasema. "Hii ni nini?"

Alinigeuzia simu. Taji hakuna. Kiboko hakuna. Ufalme hakuna, maandazi hakuna. Skrini ya simu ni nyembamba, na Vuta-Weka ikikuta skrini nyembamba inapanga vitu upya kwa akili zake yenyewe: inabakiza upande wa kushoto, na kile kisichotoshea kulia inakificha. Mimi sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu kazi zetu zote tulizitazama kwenye kompyuta, na wateja walizitazama kwenye simu wakasema asante. Kilichobaki kilikuwa jina la mama, namba ya mama, maneno "Mashamba yetu", na ramani ya kilima chetu chote imelala chini ya rangi ya chungwa. Nyumba ya Mutama ilikuwa katikati kabisa. Ule haukuwa mzaha wa mtu yeyote. Ulikuwa tangazo.

"Labda ni mtandao, mama," nikasema. "Mtandao una matatizo."

Aliisukuma sahani yake kwangu, ikiwa imejaa, akasema, "Maliza." Nilikula mpaka mwisho, kwa sababu kuacha kula kungekuwa kukiri, na kila tonge lilishuka kama jiwe kisimani.

Kwa nini sikusema pale pale? Nimejiuliza mara nyingi, hata juzi nikigawa soda. Nadhani nilijua kusema mambo kwa njia moja tu, ya kuchekesha, na kwa hili sikuwa na mzaha unaotoshea. Asubuhi hakuna aliyekuja uani kuomba makaa. Mke wa Mutama alipita na ndoo yake upande wa pili wa miyenzi, mama akamsalimia, "Amahoro, Mama Arsène," na yule mama akatembea kana kwamba ndoo imemziba masikio. Watu wa barabarani, wale wanaopenda kuniuliza nimefukuzwa shule mara ngapi, waliniangalia bila kuniuliza kitu. Nilikamata simu ya mama nikijifanya nacheza, nikajaribu kuingia Vuta-Weka nirudishe kiraka mahali pake. Ikaniandikia kwa upole mkubwa: programu hii inafunguka kwenye kompyuta tu. Simu inatosha kuchoma nyumba lakini haitoshi kuzima moto. Kompyuta ilikuwa kabatini, ufunguo ulikuwa Uvira, na simu ya Tantine ilikuwa haipatikani. Na picha ya ukurasa ilikuwa inaruka kutoka kundi moja hadi jingine, na kila iliposhuka ilikuwa na mguu mpya. Eti mama ameshapewa karatasi. Eti watakuja watu wa kupima. Eti ndiyo maana alikwenda Bujumbura mwezi uliopita. Alikwenda kununua madumu.

Shuleni Arsène alikuwa amehamia benchi la mwisho. Nilimfuata kwenye bomba la maji wakati wa mapumziko.

"Baba hali chakula," akaniambia bila kuniangalia. "Amekaa mlangoni tangu jana. Mama amefunga masufuria ndani ya shuka."

"Masufuria? Ya nini?"

"Ya kwenda. Si mnatufukuza?"

Hapo kikanitoka kile kicheko kibaya, kile kinachotoka chenyewe mtu akiogopa sana, kama kwikwi. Arsène alinipiga ngumi ya mdomo. Nilitamani anipige nyingine. Hakunipiga. Alilia, akanawa uso, akarudi darasani.

Nilirudi nyumbani mapema na mdomo uliovimba, na mama hakuuona, kwa sababu alikuwa jikoni anaongea kwa simu na dada yake wa Nyanza-Lac. Niliganda nje ya ukuta. "Hapana, sijasaini chochote," alikuwa anasema. "Sijui ni nani. Kuna mtu anataka watuchukie... Ndiyo. Najua wanavyoanza, ninakumbuka walivyoanza. Tukija kwako utatupokea?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya chumvi, na hilo ndilo lililonimaliza. Niliingia chumba cha mbele. Karibu na mlango palikuwa na begi tulilorudi nalo kutoka Tanzania, ambalo nilikuwa nimeliona miaka yote juu ya kabati, lenye mistari ya bluu, likiwa tupu, limekunjwa, na juu yake kuku wa plastiki wa kupamba. Sasa lilikuwa chini na limejaa. Sahani zilikuwa zimefungwa moja moja ndani ya vitenge ili zisigongane. Blanketi. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, na ndani ya ndogo chumvi na kiberiti. Nafasi haikupotea hata ya kidole. Upande huu wa miyenzi begi, upande ule shuka, nyumba mbili zimekaa zimefungasha, kila moja inamwogopa mwenzake, na aliyefanya hayo yote ni kiboko mwenye kofia ambaye hakuna aliyemwona.

Nilikimbia mpaka sokoni. Muuza ndagala aliniazima simu yake baada ya kuona mdomo wangu, na safari hii Tantine akapokea. Mama yake alikuwa amepata nafuu. Alikuwa njiani, ameshapita Kabezi. Nilimweleza huku nalia, na nilipojisikia naeleza nikajua kwamba ni mara ya kwanza nasema jambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuweka mzaha katikati. Alishuka na mizigo yake akaja moja kwa moja, akafungua kabati.

"Tunafuta sasa hivi," akasema. "Leo hii hii. Wee mutoto utaniua na presha."

"Tukifuta watasema tumeficha, Tantine. Picha iko kwenye simu zao zote. Ni lazima Mutama aone kompyuta. Ni lazima aone kiboko."

Akaitoa kompyuta kabatini. "Basi mulete hapa."

"Hawezi kuja. Mtu akiitwa mjini hivi sasa atadhani anaitwa kusaini kwamba anahama."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Tantine Bijoux, ambaye haogopi mpaka wala askari lakini anaogopa pikipiki, alipanda pikipiki kwenda kilimani akiwa ameikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga, akiomba kwa sauti, na mimi nyuma yake nikiwa nimebanwa hata kupumua kwa shida. Jua lilikuwa bado juu. Tuliiweka juu ya kasha la bia palepale kwenye miyenzi, skrini ikielekea upande wa Mutama. Yeye alikuja polepole, fimbo mkononi, mkewe na Arsène nyuma yake. Mama alitoka upande wetu, akasimama amekunja mikono. Walikuwa hawajatazamana tangu jana yake. Majirani wengine walisimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu anaweza kuona na pia anaweza kukimbia.

"Mutama," nikasema, na sauti yangu ikakatika kama umeme wetu. "Ni mimi. Mama hakujua. Nilifanya mchezo."

Betri, Mungu ashukuriwe, ilishika, na Tantine akafungua ukurasa kwa mtandao wa simu yake. Mutama aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Alisoma kwa kidole.

"Huyu iko nani?"

"Ni kiboko, Mutama."

"Amevaa kofia."

"Ndiyo, Mutama. Ni waziri."

"Na hapa?" Kidole chake kilikuwa juu ya maji.

"Ni ziwa."

"Hata ziwa iko yenu?"

"Ndiyo, Mutama. Mpaka karibu na Kongo."

Nilisubiri fimbo. Ningeipokea vizuri. Badala yake alijiinua, akamtazama mama yangu juu ya miyenzi kwa mara ya kwanza, akasema taratibu, "Mama Dodo, mimi nilikuwa nimeshafunga masufuria."

"Na mimi nimefunga sahani, Mutama," mama akasema.

Hakuna aliyecheka. Mutama akaomba arudishe mpaka yeye mwenyewe. Nilimwonyesha kushika kipanya. Mkono wake ulikuwa mzito na haujazoea, na kile kiraka cha chungwa kikatoka ziwani, kikapanda barabara, kikaachia uwanja, kikaachia kanisa, kinaruka na kusimama, kinaruka na kusimama. Kikafika kwenye miyenzi, na kikapitiliza. Kikaacha nje mchikichi mmoja wa kwetu, ule mrefu.

"Mutama," mama akasema kwa sauti ndogo. "Huo ni wangu."

Niliwaona majirani wakivuta hatua nyuma. Mutama akautazama mchikichi wenyewe, uliokuwa umesimama pale juu ya vichwa vyetu, akatazama skrini, akatazama mkono wake.

"Ni wako," akasema. "Hii kitu inateleza. Haina adabu."

"Ndivyo ninavyosema kila siku!" Tantine Bijoux akapiga kelele, na hapo ndipo Mama Arsène aliposhika kiuno akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anashikilia kilio, na kikampata mama, na kikawapata wote isipokuwa mimi na Arsène, tuliosimama kila mmoja upande wake tunatazama viatu. Mutama alirudisha mchikichi kwetu. Kisha akaniuliza namna ya kukifanya kibaki hivyo umeme ukiondoka. Nikamwonyesha kitufe cha kijani. Akakibonyeza yeye, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Juzi, kwenye maneno ya familia, Arsène alisimulia habari hiyo mbele ya wageni, na kiboko akapata makofi kuliko pasta. Nilicheka na wengine. Lakini hawakuwepo jioni ile tulipoingia ndani, mimi na mama tu, na mlango ukafungwa, na lile begi bado limesimama pale. Nilijua sasa ndiyo zamu yangu ya kupigwa. Nilikwenda mwenyewe nikasimama mbele ya mama, nikafumba macho. Nilimsikia akichuchumaa. Nilisikia zipu ikifunguka. Nilipofumbua macho alikuwa amepakata sahani ya kwanza, bado imefungwa ndani ya kitenge, na anaipapasa kando kando kutafuta fundo alilolifunga mwenyewe.

"Nilidhani nimesahau kulifunga hili begi," mama akasema. "Kumbe mikono haijasahau. Chukua, zirudishe kabatini, moja moja, na usivunje."